Picha ya Ulimi na Fonimu za Kiswahili: Uhakiki wa Matumizi ya Altrasaundi katika Tiba ya Usemi

Altrasaundi, ambayo wakazi wa Mbagala na Bunju huifahamu zaidi kupitia kliniki za wajawazito, hutumika pia kurekebisha matamshi. Kichwa cha kifaa huwekwa chini ya kidevu, na mhusika huuona ulimi wake ukisogea kwenye skrini anapotamka. Tangu Barbara Bernhardt na wenzake walipochapisha matokeo yao nchini Kanada mwaka 2005, tafiti nyingi zimehusisha washiriki wachache na kulenga zaidi sauti [r] ya Kiingereza. Hapo ndipo penye udhaifu wa kuyahamishia matokeo hayo Dar es Salaam.

[r] ya Kiingereza cha Amerika Kaskazini hutamkwa bila ncha ya ulimi kugonga ufizi, na umbo la ulimi huonekana vizuri pichani. /r/ ya Kiswahili ni kimadende: ncha hugonga ufizi. /l/ nayo hugusa ufizi uo huo, ila hewa hupita kandoni mwa ulimi. Ncha ndiyo sehemu ambayo mara nyingi hufichwa na kivuli cha taya, na picha inayokata ulimi kutoka ncha hadi shina haionyeshi kando zake. Hivyo, mtoto anayetamka "kula" badala ya "kura" anaweza kuitazama skrini asiione tofauti anayotakiwa kujifunza.

Aidha, lipo swali linalotangulia: je, mtoto huyo ana tatizo la usemi? Lugha nyingi za Kibantu hazitofautishi /r/ na /l/ kifonimu, na watoto wengi wa Temeke na Kinondoni hukua wakisikia Kiswahili cha wazungumzaji wake. Athari ya lugha ya kwanza si ulemavu. Mahali pake ni darasani, kwa mazoezi ya jozi kama "mahari" na "mahali". Kuipeleka kliniki ni kuifanya lafudhi kuwa ugonjwa.

Hoja hii haikibatilishi kifaa. Mtoto aliyezaliwa na mpasuko wa kaakaa, mmoja wa wanaohudumiwa na hospitali ya CCBRT, Msasani, anaweza kuendelea kutamka [k] mahali pa [t] hata baada ya upasuaji. Kosa hilo liko nyuma ya ulimi, ambako picha huwa wazi. Hata hivyo, altrasaundi haionyeshi iwapo kaakaa laini linaziba njia ya pua.

Kwa hiyo, uamuzi wa kutumia altrasaundi uanzie kwenye fonimu na historia ya lugha ya mtoto, ndipo kifaa kifuate.