Uteuzi wa Timu katika Masimulizi ya Msimu

Miongoni mwa kazi za utungaji wanazozifanya wanafunzi wetu wa mwaka wa pili, ipo moja iliyoanzia mabwenini kabla ya kufika darasani. Mwanafunzi huchagua timu katika mchezo wa kompyuta uitwao Football Manager, huiongoza msimu mzima, kisha huandika masimulizi ya msimu huo kwa nafsi ya meneja. Mchezo huo ulibuniwa na ndugu wawili Waingereza, Paul na Oliver Collyer, ukatoka mwaka 1992 kwa jina la Championship Manager. Jina la sasa ulilipata mwaka 2004. Huko Ulaya wachezaji wake wamezoea kuandika misimu yao mithili ya hadithi za mfululizo. Kuiandika kwa Kiswahili hapa Uganda ni jambo jipya, na kwa kuwa wengi wa vijana hawa watakuwa walimu wa lugha, inafaa kazi zao zihakikiwe kama fasihi.

Makala haya yanashughulikia uteuzi wa timu peke yake, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Wengi huchagua Arsenal, Manchester United au Liverpool, yaani timu wanazozishabikia. Masimulizi yanayotokana na uteuzi huo ni dhaifu, na udhaifu wake hauanzii kwenye sarufi. Timu tajiri ikipwaya, meneja hununua mshambuliaji mwingine. Mgogoro unafutwa kwa fedha kabla haujakomaa. Kinachobaki ni orodha ya matokeo, mechi baada ya mechi, kwa msamiati wa watangazaji wa redio.

Katika kazi moja ya aina hii niliona jambo ambalo kalamu nyekundu ya mwalimu hailinasi. Timu ikishinda, meneja anaandika "nilishinda". Ikifungwa, anaandika "walifungwa", na pengine "vijana walizembea". Viambishi vyote ni sahihi kisarufi. Hata hivyo, *ni-* ya ushindi na *wa-* ya kushindwa vinatuchorea mhusika mzima: bwana mkubwa asiyekubali lawama. Laiti mwandishi angekusudia kumkejeli meneja huyo, tungempongeza. Lakini hakuna mahali popote katika kazi hiyo panapoonyesha kwamba mwandishi amemwona mhusika wake.

Je, basi tuwaagize wanafunzi wachague timu ndogo? Mambo si mepesi hivyo. Mwanafunzi mmoja alichagua Accrington Stanley kwa sababu jina lilimchekesha. Akaipandisha daraja mara tatu mfululizo, na mji wenyewe haukutajwa hata kwa sentensi moja. Klabu ya zamani ya mji huo ilijitoa katika ligi mwaka 1962 kwa sababu ya madeni, ya sasa ikaundwa mwaka 1968, na ligi yenyewe ikairudia mwaka 2006. Msimulizi anayekabidhiwa timu yenye historia kama hiyo halafu asijue kwamba watu wa pale wanaogopa madeni kuliko kushuka daraja, ameshika jina tupu.

Kazi bora niliyoisoma ni ya mwanafunzi aliyechagua AFC Wimbledon. Klabu hiyo iliundwa na mashabiki mwaka 2002, baada ya klabu yao kuruhusiwa kuhamia Milton Keynes. Wachezaji wa kwanza walitafutwa kwa majaribio ya wazi kwenye mbuga ya Wimbledon Common, timu ikaanzia daraja la tisa, na mwaka 2011 ikaingia ligi kuu nne za Uingereza. Mwandishi aliyasoma haya kabla ya kuanza. Meneja wake anasema "tu-" tangu mwanzo, na kila anapotaka kumuuza mchezaji hujiuliza atawaambia nini wenye klabu, ambao ndio hao hao wanaokata tiketi. Sura ya mechi dhidi ya timu ya Milton Keynes inatumia *-ka-* kwa ustadi ambao sijauona katika insha zetu za kawaida: wakatufunga, tukasawazisha, wakatufunga tena. Msimu uliishia nafasi ya kumi na nne. Nilisoma hadi mwisho bila kujilazimisha.

Kuna jambo jingine linalogusa uaminifu. Mchezo huu humruhusu mtu aliyefungwa kulifungua tena faili alilohifadhi na kuirudia mechi. Wanafunzi kadhaa walikiri kufanya hivyo bila kuona tatizo. Mimi naliona kubwa. Leicester City ilipotwaa ubingwa wa Uingereza msimu wa 2015/16, huku wacheza kamari walioiamini mwanzoni wakiwa wameahidiwa 5,000 kwa 1, kisa kile kilitushika kwa sababu hakuna aliyeweza kuirudia mechi yoyote. Ubingwa uliopatikana kwa jaribio la nne, ukaandikwa kana kwamba ni la kwanza, unamlaghai msomaji.

Baadhi ya walimu wenzangu wanauliza kwa nini vijana wa Kampala waandike kuhusu miji ya Uingereza wasiyoijua, ilhali SC Villa na Express wako hapa. Swali ni la haki. Ila hadi toleo la 2024, ligi ya Afrika iliyokuwemo tayari kuongozwa katika mchezo ni ya Afrika Kusini peke yake. Kuna njia ya kati. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mchezo ulimtukuza kijana Tonton Zola Moukoko, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Sweden. Katika maisha halisi hakuichezea timu ya kwanza ya Derby County hata mechi moja. Kumsimulia mtu huyo kwa pande zote mbili, ya kompyuta na ya uwanjani, ni kazi ambayo bado hakuna mwanafunzi wetu aliyeijaribu.

Kwa muhula ujao napendekeza ukurasa mmoja uandikwe kabla ya mechi ya kwanza, mwanafunzi aeleze kwa nini ameichagua timu hiyo na nani ataumia ikishuka daraja. Ukurasa huo upewe alama zake, na asiyeweza kuujaza abadilishe timu mapema.