Mpini Uliokaa Sawasawa

Mchagua jembe si mkulima, wanasema, na kwa methali hiyo wengi hubeba mpini wowote ulioegemezwa ukutani sokoni. Kwa upande wa mpini siikubali. Huku Rusizi tunalima miteremko ya udongo mzito juu ya Ziwa Kivu. Chuma cha jembe hudumu miaka, kinachotuangusha ni mti.

Anza na mti wenyewe, ambao mara nyingi ni mkaratusi. Tazama kichwa cha mpini palipokatwa. Ukiona kiini katikati na miduara ikikizunguka, hicho ni kijiti kichanga kilichokatwa kizima, na kikikauka kitapasuka. Mpini mzuri umepasuliwa kutoka kwenye gogo nene: hauna kiini, na nyuzi zake zinanyooka kutoka kichwani hadi mwisho. Nyuzi zikikatiza kwenye shingo, karibu na tundu la chuma, uache, kwa maana ndipo utakapovunjikia. Na uliopakwa vanishi usikuvutie. Vanishi huficha nyuzi na kutoa malengelenge viganjani.

Lakini ufundi hasa uko pale mti unapokutana na chuma. Fundi hodari hupaka masizi ndani ya tundu, akapitisha mpini kwa juu, upande mwembamba ukitangulia, akaugonga, kisha akautoa. Palipoingia weusi ndipo panapobana. Hapo huparuza kidogo kwa kipande cha chupa, akajaribu tena, na tena, mpaka weusi uenee pande zote. Mafundi wa bunduki za kuwindia hutumia masizi vivyo hivyo wanapolaza chuma kwenye kitako cha mti. Mpini uliokaa hivyo, wenye kichwa kinene, hauhitaji kabari: kila pigo huzidi kuukaza.

Ukikuta msumari au kipande cha mpira wa tairi kimeshindiliwa tunduni, ujue kuna pengo linalofichwa. Kuloweka ni hila mbaya zaidi. Mti ukivimba ndani ya chuma husagika, na ukikauka hubaki mwembamba kuliko ulivyokuwa. Jembe lililobana asubuhi Kamembe litaanza kucheza kwenye joto la Bugarama.

Kabla ya kulipa, shika mwisho wa mpini, funga jicho moja, utazame hadi kwenye bapa. Likielemea upande mmoja, litachimba kwa pembe na kukuumiza kifundo cha mkono. Kisha gonga bapa kwenye jiwe huku kiganja kikiwa shingoni. Mlio uwe mmoja. Ukisikia mtetemo wa pili, mrudishie fundi.

Mpini nunua Juni, uuanike kivulini, ufungwe kwenye jembe ukiwa mkavu kabla ya mvua za Septemba. Na fundi anayetumia masizi mlipe bei anayotaja.