Paa la Mkulima Juu ya Msikiti

Mara nyingi majengo ya kale ya Bengal huorodheshwa kwa dini: misikiti hapa, mahekalu ya Wahindu pale, monasteri za Wabudha kwingine. Mpangilio huo ni rahisi kuufuata, lakini unaficha jambo la msingi.

Bengal ni nchi ya mito na matope. Mawe ni adimu. Wajenzi wa dini zote walichoma matofali. Kwenye monasteri ya Paharpur, ya zama za mfalme Dharmapala wa karne ya 8, hekalu la katikati limezungushiwa vibao vya udongo wa kuchoma vyenye sura za watu na wanyama. Karibu miaka 1000 baadaye, mwaka 1752, hekalu la Wahindu la Kantajew huko Dinajpur lilikamilika, kuta zake zikiwa zimejaa vibao kama hivyo.

Kati ya nyakati hizo ulijengwa msikiti wa Bagerhat, karne ya 15. Huitwa Msikiti wa Kuba Sitini, ingawa kuba zake zimezidi hapo. Lakini tazama safu ya kati: mapaa saba si ya duara, yanateremka pande nne kama nyumba ya mianzi ya mkulima wa Kibengali.

Sijafika huko, nimeyasoma kwa picha na michoro. Hata hivyo, orodha zile zinanitia wasiwasi. Anayekua akiamini hekalu ni la wale na msikiti ni wa hawa, haoni sababu ya kulinda la mwenzake. Matofali ya Bagerhat yanaliwa na chumvi. Yanahitaji walinzi wengi kuliko waumini wake.