Lafudhi, Mpaka na Utambulisho: Uhakiki wa Dhana ya Kiswahili cha Kitaifa Busia na Tororo

Katika mijadala ya ufundishaji na sera ya Kiswahili Afrika Mashariki, lafudhi huelezwa aghalabu kwa namna mbili. Kwanza, huchukuliwa kuwa athari ya lugha ya kwanza, yaani kasoro ya kurekebishwa darasani. Pili, hupewa uraia: pana "Kiswahili cha Kenya" na "Kiswahili cha Uganda". Hali ya Busia na Tororo inaonyesha kuwa maelezo yote mawili yana upungufu, na anayeubeba upungufu huo ni mzungumzaji.

Mpaka wenyewe ni wa juzi. Hadi mwaka 1902, Uganda ilienea mashariki hadi karibu na Naivasha. Mwaka huo Mkoa wa Mashariki ulihamishiwa himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta pande zote mbili. Kwa hiyo mipaka ya sauti haiufuati mpaka wa dola. Katika lugha nyingi za kundi la Kiluhya, ambamo Kisamia kimo, vipasuo ghuna hutokea hasa baada ya nazali. Ndiyo maana "gari" huweza kusikika kama "kari". Kiteso hakina /f/ wala /z/ katika mfumo wake wa asili. Katika Kiganda, kinachosikika pia mashariki mwa Uganda, [l] na [r] ni alofoni za fonimu moja. Sifa hizi humfuata mzungumzaji kwa lugha anazozijua, si kwa kitambulisho anachobeba.

Kinachotofautiana kati ya pande hizi mbili ni historia ya masikio. Nchini Kenya, Kiswahili ni lugha ya taifa, na Katiba ya 2010 ilikifanya kuwa lugha rasmi pia. Mwenye lafudhi ya Kiteso hupimwa kwa kigezo cha shule. Nchini Uganda, Kiswahili kilihusishwa kwa muda mrefu na jeshi na polisi, na tangazo la Idi Amin la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa halikuifuta kumbukumbu hiyo. Huko, ufasaha wenyewe unaweza kuzua swali: msemaji ni askari, mfanyabiashara au mgeni? Wateso wawili wanaweza kutamka neno kwa namna moja, mmoja akahesabiwa kuwa hajasoma, mwingine akashukiwa kuwa si mwenyeji. Uchunguzi unaoainisha data kwa nchi pekee hauwezi kuiona tofauti hiyo.

Hoja ya usanifu nayo yahitaji tahadhari. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 ilijishughulisha zaidi na tahajia, kamusi na vitabu. Kuugeuza usanifu wa maandishi kuwa hukumu juu ya kila sauti ni kuupa uzito usiokuwa nao. Tatizo hili si la Kiswahili peke yake. Nchini Ufaransa, ambako lafudhi ya Paris ndiyo iliyopewa hadhi, Bunge la Taifa lilipitisha katika usomaji wa kwanza, Novemba 2020, muswada wa kuzuia ubaguzi unaotokana na lafudhi.

Hata hivyo, kuitetea lafudhi si kuukana ufundishaji wa matamshi. Asiyetofautisha "kura" na "kula", au "fanya" na "panya", anaweza kueleweka visivyo, na mwalimu ana wajibu wa kumsaidia. Wajibu huo una kikomo: matamshi yanayopoteza maana yafundishwe, yale yanayodokeza tu asili ya msemaji yasikatiwe alama.

Tofauti hii ina uharaka. Kiswahili kiliingizwa katika Katiba ya Uganda mwaka 2005 kama lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Vigezo vya tathmini ya mazungumzo vikiandikwa kwa dhana ya lafudhi moja ya kitaifa, mtoto wa Tororo ataadhibiwa kwa sauti ambayo jamaa yake ng'ambo ya mpaka anaitumia kila siku sokoni, na akaeleweka.