Kuukagua mwongozo wa zana ya kukata video

Siku hizi anayesoma maelezo ya programu ya kukata video mara nyingi si mtu. Ni wakala wa akili unde: anapokea ombi, anatafuta zana inayofaa, anasoma maelezo yake, anajaza vigezo na kuiendesha. Tangu kampuni ya Anthropic ilipotoa itifaki ya MCP, inayowaunganisha mawakala na zana, mnamo Novemba 2024, zana nyingi hujieleza kwa sura moja: jina, sentensi chache za kueleza kazi, na vigezo vilivyopangwa kwa JSON. Sentensi hizo chache ndizo za kukaguliwa, maana wakala hana pengine pa kuuliza.

Anza na muda. “Muda wa kuanzia” ni maelezo matupu. Je, 90 ni sekunde, milisekunde au fremu? Je, 1:30 ni dakika moja na nusu, au saa moja na nusu? Mwandishi anayejua kazi hutaja kipimo, hutoa mfano kamili kama 00:01:30.500, na husema wazi kama kigezo cha pili ni mahali pa kuishia au urefu wa kipande.

Hapo ndipo miongozo mingi huanguka, na sababu ina historia. Zana nyingi za aina hii zimejengwa juu ya FFmpeg, programu iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000. Ndani yake -ss ni mahali pa kuanzia, -t ni urefu na -to ni mahali pa kuishia. Lakini tazama amri hii: ffmpeg -ss 60 -i harusi.mp4 -to 100 kipande.mp4. Anayeisoma kwa mara ya kwanza atatarajia kipande cha sekunde 40. Atapata cha sekunde 100, kwa kuwa -ss ikitangulia faili, hesabu ya muda huanza upya kutoka sifuri. Zana ikirithi tabia hiyo na mwongozo ukanyamaza, wakala atakosea kila mara, tena kwa kujiamini.

Kipimo kikubwa zaidi kwangu ni fremu kamili. Video ya H.264 haihifadhi kila picha nzima. Fremu kamili huja moja moja, na zinazofuata hubeba mabadiliko tu. Kisimbaji cha x264, kikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, huruhusu hadi fremu 250 kati ya fremu kamili mbili; kwa fremu 25 kwa sekunde, hizo ni sekunde 10. Sasa chukua wakala aliyeombwa atoe hotuba ya baba wa bibi harusi, inayoanza 00:42:07. Akitumia -c copy, inayonakili bila kusimba upya, na fremu kamili ya karibu ikawa 00:42:01, kipande kinaweza kuanza na sekunde sita za mshereheshaji akiwahimiza wageni waketi. Kukata pale pale panapotakiwa kunahitaji kusimba upya, na hilo hula muda na kupunguza ubora kidogo.

Njia zote mbili ni halali. Ninachokataa ni sentensi inayosema zana “hukata haraka bila kupoteza ubora” kisha ikaishia hapo. Ni kweli, ila ni nusu ya kweli, na nusu iliyofichwa ndiyo itakayomharibia mteja video yake. Sentensi ya kuheshimiwa ingesema: “Hali ya haraka huanzia fremu kamili iliyotangulia muda ulioombwa, na tofauti inaweza kufika sekunde kadhaa. Tumia hali sahihi pale ambapo neno la kwanza la msemaji halipaswi kutanguliwa na kitu.” Hapo wakala amepewa sababu ya kuchagua.

Mhariri wa kibinadamu angeona kosa hilo mara tu anapocheza kipande. Wakala mara nyingi haoni picha kabisa. Anachokijua ni kile zana inachomrudishia. Kwa hiyo soma kwa makini sehemu ya majibu. Jibu la “imefanikiwa” peke yake halina thamani. Jibu bora hutaja mahali kipande kilipoanzia kweli, urefu wake, hali iliyotumika na njia ya faili.

Makosa nayo yaandikwe kwa namna ya kurekebishika. “Kigezo batili” humwacha wakala akibahatisha. “Mwisho 00:12:00 umepita urefu wa video, 00:11:48” humpa la kufanya. Tafuta pia kinachosemwa kuhusu faili lililopo tayari. FFmpeg huuliza kama iandike juu yake, na wakala asiye na wa kujibu anaweza kukwama hapo, isipokuwa zana iwe imeamua mapema kwa -y (ndiyo) au -n (hapana). Faili la asili lisiguswe kamwe, na mwongozo uahidi hivyo kwa maandishi.

Urefu wa mwongozo si hoja kubwa, ingawa maneno ya kujisifu huchukua nafasi ya bure katika kumbukumbu ya wakala. Sentensi moja ya mipaka ina faida kuliko aya ya sifa: zana hii haiunganishi vipande wala haipunguzi kingo za picha.

Ukitaka kuhakikisha, mpe wakala mwongozo huo mtupu, bila maelezo ya pembeni, na ombi ambalo muda wake wa kuanzia uko mbali na fremu kamili. Kisha pima kipande kwa ffprobe, zana ya kupimia inayokuja na FFmpeg, ulinganishe urefu wake na ule alioutangaza.