Sahani ya Wazee wa Birmingham

Wengine watatuuliza: Mambo ya Black Sabbath yanatuhusu nini sisi wakristo? Jina lenyewe linatisha. Nasi tulidhani hivyo. Lakini kijana akituletea muziki anaoupenda, haifai kuutupa kabla ya kuusikiliza. Basi tumesikiliza mara nyingi sahani yao ya santuri iitwayo 13, iliyotoka mwaka 2013.

Hawa ni watoto wa Aston, mtaa wa wafanyakazi mjini Birmingham, Uingereza. Tony Iommi, mpiga gitari, alikatwa ncha za vidole viwili na mashini ya kiwanda alipokuwa na miaka 17. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki vya kuvika vidole, akaendelea kupiga. Wakati wa kutengeneza sahani hii alikuwa akitibiwa kansa. Asiyejua hayo hatausikia vema uzito wa gitari ile: inakwenda polepole, kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani, wala haitui.

Maneno mengi yametungwa na Geezer Butler, aliyelelewa katika nyumba ya wakatoliki wa asili ya Irlandi. Wimbo God Is Dead? unauliza kama Mungu amekufa. Wengi walisoma jina, wakasahau alama ya kuuliza. Kwa karibu dakika tisa mtu anatembea gizani, na mwishoni hakubali kwamba Mungu amekufa. Hiyo si katekisimu, lakini si matukano pia. Ayubu aliuliza kwa ukali kuliko huyu.

Wimbo wa mwisho, Dear Father, ni mchungu zaidi kwetu. Mtu aliyeharibiwa utoto wake na padri anamsemesha padri yule. Mara ya kwanza tulitaka kuzima mashini. Hatukuzima. Mambo hayo yalitendeka kweli, katika nchi nyingi, na wakubwa wengine wa Kanisa waliyaficha. Je, tumwambie anayelia anyamaze kwa sababu gitari yake ina kelele? Kisha zinasikika mvua, radi na kengele, kama mwanzoni mwa sahani yao ya kwanza ya mwaka 1970.

Makosa yapo. Wimbo wa kwanza unafuata mno nyayo za zamani. Bill Ward, mpiga ngoma wao tangu mwanzo, hakuwemo, maana hawakupatana juu ya mkataba. Brad Wilk anapiga sawasawa, lakini Ward alikuwa akicheza na mdundo, huyu anaulinda tu. Tena sauti zote zimepandishwa pamoja, hata masikio yanachoka. Ozzy Osbourne, mzee wa miaka 64 wakati ule, hapandi juu tena. Anaimba chini, taratibu, na sisi tunampenda hivyo kuliko alipokuwa akipiga kelele.

Wote wanne walipiga pamoja mara ya mwisho kwao Birmingham, tarehe 5 Julai 2025, Ward akiwa kwenye ngoma. Osbourne alikufa tarehe 22 ya mwezi uleule. Tumemwombea.