Kadiri ya Joto: Sifa za Ufundi wa Kuitawala Prosesa

Umeme unaoingia katika prosesa, kile kipande cha silikoni kinachotekeleza maagizo yote ya kompyuta au simu, karibu wote hugeuka kuwa joto, kwa kuwa transista zake, ambazo ni swichi ndogo mno zinazohesabiwa kwa mabilioni, hufunguka na kufungika bila kupumzika, na kila badiliko hilo lina gharama yake ya nishati. Joto hilo lisipopata pa kutokea hupanda hadi kukiharibu kipande chenyewe, ndiyo maana kompyuta ya leo hubeba ndani yake utaratibu wa kuipunguzia prosesa kasi inapokaribia kupita kiasi. Wengi huuona utaratibu huo kama aibu ya mtambo, dalili kwamba kifaa kilichouzwa kwa ahadi ya kasi kimeshindwa kuitimiza. Mtazamo huo haumtendei haki fundi, kwani kupunguza kasi kwa kadiri, kwa wakati wake, na kukirudisha kilichopunguzwa mara tu inapowezekana, ni miongoni mwa kazi zinazodai busara kubwa kabisa katika uandishi wa mifumo endeshi.

Ufundi huu umesimama juu ya kanuni ya fizikia yenye ukarimu usio wa kawaida. Nguvu inayotumiwa na transista zikiwa kazini hulingana na kasi ya mapigo ya saa ya prosesa, yaani idadi ya hatua inazopiga kwa sekunde, ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha volteji. Na kwa kuwa mapigo ya polepole huridhika na volteji ndogo, anayeshusha kasi hupata nafasi ya kushusha na volteji pia. Vyote viwili vikishushwa kwa asilimia 10, kazi inayofanyika hupungua kwa sehemu moja ya kumi tu, ilhali nguvu hiyo hushuka kwa takriban asilimia 27. Kinga ya joto iliyojengwa ndani ya prosesa ya Pentium 4, ambayo Intel iliitoa mwaka 2000, haikuitumia faida hiyo mwanzoni, kwa sababu ilichofanya ni kuyaruka mapigo kwa vipindi huku volteji ikibaki palepale. Kinga za silikoni zimeboreshwa tangu hapo, na ni lazima ziwepo, lakini hazijui mtumiaji anafanya nini, na kazi ya kuchagua nani apunguziwe na nani aachwe haiko mikononi mwao.

Kuchagua ni kazi ya kiini cha mfumo endeshi, ile programu ya chini kabisa inayogawa muda wa prosesa, kumbukumbu na vifaa kwa programu nyingine zote. Katika Linux, kiini kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, mfumo wa pamoja wa kusimamia joto uliingizwa mwaka 2008 katika toleo la 2.6.25, na umbo lake ni la kupendeza kwa uchache wa dhana zake. Kuna ukanda wa joto, ambao ni eneo lenye kihisi chake cha kupima. Kuna vifaa vya kupoza, ambavyo huweza kuwa feni au hata prosesa yenyewe, kwa maana kwamba kuipunguzia kasi kunahesabiwa kuwa njia mojawapo ya kupoza. Na kuna vizingiti, yaani viwango vya joto ambavyo vikivukwa hatua fulani huchukuliwa. Kizingiti kimoja huamsha feni, kingine hupunguza kasi, na cha mwisho, kile cha hatari, huuzima mtambo wote kwa utaratibu kabla haujaungua. Juu ya yote hayo hukaa kidhibiti, kanuni inayoamua ni kiasi gani cha kupoza kitumike kwa wakati gani, nacho huandikwa mbali na vihisi na vifaa, ili fundi aweze kubadilisha busara bila kugusa mitambo.

Uzuri wa kazi hii huonekana katika namba zenyewe. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 5, inayobuniwa Cambridge nchini Uingereza, inapofungwa feni yake huiacha imetulia hadi nyuzi joto 50 za Selsiasi, huizungusha taratibu kuanzia hapo, huiongezea mwendo kwenye nyuzi 60, kisha kwenye 67.5, na kuifungulia yote kwenye 75. Prosesa huanza kupunguziwa kasi kwenye nyuzi 80 tu, maana yake ni kwamba kelele ya feni hutumika yote kabla mtumiaji hajanyang'anywa hata sehemu ndogo ya kasi aliyoilipia. Katika faili ya mipangilio kizingiti cha kwanza huandikwa 50000, kwa kuwa kiini hupima kwa sehemu za elfu za nyuzi ili kuepuka desimali, na kando yake husimama namba nyingine, 5000, ambayo mpitaji wa haraka huweza kuidharau. Namba hiyo ndiyo pengo la kurejea: feni iliyowaka kwenye nyuzi 50 haizimwi joto linaporudi 49, bali husubiri hadi litakaposhuka kufikia 45. Pasipo pengo hilo feni ingewaka na kuzimika kila mara joto linapocheza kwenye mpaka, na mwenye kompyuta angechoshwa na mlio huo kuliko ambavyo angechoshwa na joto lenyewe. Yeyote aliyeiandika 5000 hiyo alilifikiria sikio la mtu asiyemjua, na hapo ndipo usanidi unapoanza kustahili kuitwa sanaa.

Vidhibiti navyo vina tabia tofauti. Kile kiitwacho step_wise hupanda na kushuka kwa hatua: kikiona joto limevuka kizingiti na linaendelea kupanda, huongeza upozaji kwa ngazi moja, na likianza kushuka hurudisha ngazi moja. Ni kidhibiti cha kuaminika, lakini daima hujibu jambo lililokwisha kutokea, nalo joto lina ukaidi wa kuchelewa, kama chungu cha udongo kinachoendelea kutokota baada ya kuepuliwa mekoni. Kwa simu, ambazo hazina feni na hushikwa mkononi, wahandisi wa kampuni ya ARM walichangia kidhibiti cha power_allocator, kilichoingia katika kiini mwaka 2015. Hiki hakiulizi tu kama mpaka umevukwa, bali hukadiria bajeti ya nguvu kwa kutazama mambo matatu kwa pamoja, yaani umbali wa joto la sasa kutoka kiwango kinachotakiwa, limbikizo la tofauti zilizopita, na mwendo wa mabadiliko, halafu huigawa bajeti hiyo kati ya prosesa kuu na ile ya michoro kulingana na mahitaji ya kila moja. Mchezo wa video ukihitaji zaidi prosesa ya michoro, hiyo ndiyo hupewa fungu kubwa.

Namba inayobeba uzito wote katika kidhibiti hiki ni nguvu endelevu, kiasi cha nguvu ambacho kifaa kinaweza kukitumia mfululizo bila kupita joto linalotakiwa. Maelezo ya kiini chenyewe hutaja kadirio la miliwati 2000 kwa simu na 4500 kwa kompyuta bapa ya inchi 10, lakini makadirio hayo ni ya kuanzia tu. Namba ya kweli hupatikana kwa kukipa kifaa kazi nzito, kukibana hatua kwa hatua hadi joto litulie pale linapotakiwa, na kusoma nguvu inayotumika wakati huo. Ni kazi ya subira, isiyoonekana katika tangazo lolote la biashara, na anayeiruka kwa kunakili namba za bodi ya mfano amemdhulumu mnunuzi. Hata kampuni kubwa huteleza hapa: Julai 2018 Apple ilikiri kwamba kasoro katika fimweya, yaani programu iliyowekwa ndani ya kifaa tangu kiwandani, iliuathiri usimamizi wa joto wa MacBook Pro za mwaka huo, zikapungua kasi kupita kiasi chini ya kazi nzito, na marekebisho ya programu peke yake yakatosha kuiondoa.

Subira hiyo ina uzito wa pekee katika mwambao wa Afrika Mashariki. Kizingiti ni kiwango kisichohama, lakini joto la prosesa hujengwa juu ya joto la hewa inayoizunguka, kwa hiyo kifaa kilichopimwa katika maabara yenye nyuzi 22 kikiletwa Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kaskazi, ambako mchana hewa hufikia nyuzi 32 na zaidi, hupoteza nyuzi 10 za nafasi kabla hakijafanya kazi yoyote. Namba ya nguvu endelevu iliyokuwa kweli kule huwa uongo huku. Wahandisi wanaokusanya na kusanidi vifaa kwa ajili ya shule, zahanati na maduka ya pwani wana haki na wajibu wa kuipima upya, tena saa nane mchana, madirisha yakiwa yamefunguliwa na kiyoyozi kimezimwa.

Msomaji mwenye kompyuta ya Linux anaweza kuanza leo bila kununua chochote. Aingie katika saraka ya /sys/class/thermal, asome faili iitwayo type ndani ya kila ukanda ili ajue ni upi ulio wa prosesa, kisha afungue ile iitwayo temp na kuigawa namba atakayoikuta kwa 1000. Vizingiti vya ukanda huo vimo humohumo, katika faili zinazoanza na trip_point, na avisome kabla hajailaumu kompyuta yake kwa uvivu.